Jumla Iliyogeuka Hasi

Mfanyabiashara wa Bujumbura anayenunua ndagala, yaani dagaa wa Ziwa Tanganyika, kwenye mialo ya ziwa na kuwauza kwa jumla mjini, hashangai kuandika tarakimu saba au nane kwa siku moja katika daftari lake, kwani faranga ya Burundi imepungua thamani mwaka baada ya mwaka, noti yake iliyo kubwa kuliko zote ni ya faranga 10,000, na bajeti ya serikali yenyewe siku hizi huhesabiwa kwa matrilioni. Tuseme basi kwamba kijana mmoja wa mji huo, aliyeazimia kujifunza lugha ya C, ameandika programu ndogo ya kujumlisha mauzo ya mfanyabiashara kama huyo; akaijaribu kwa mauzo ya juma moja, ikatoa jawabu sahihi; akaijaribu kwa mauzo ya mwezi, ikatoa jawabu sahihi vilevile; kisha akaipa hesabu ya mwaka mzima, ambayo kwa haki ilipasa kuwa faranga 2,300,000,000, na kwenye skrini ikatokea −1,994,967,296, kana kwamba mtu yule aliyeuza samaki tangu Januari hadi Desemba anadaiwa karibu bilioni mbili na ziwa lenyewe.

Mashine haikuharibika, wala C haikukosea. Nambari kamili ya kawaida katika lugha hiyo, kwa kompyuta nyingi za leo, hukaa katika biti 32, na kikomo chake cha juu ni 2,147,483,647, kiasi ambacho kwa noti za faranga 10,000 ni noti zisizofika 215,000. Kikomo hicho kikivukwa, kanuni rasmi za C zinasema tu kwamba jambo hilo halina hukumu, na mashine iko huru kufanya lolote. Na aghalabu lile ifanyalo ni kuzunguka na kuangukia upande wa hasi bila ya kutoa sauti. Kijana aliyetangulia kusoma Python hajapata kukutana na msiba huu, maana Python huikuza nambari kamili kadiri ya haja. Rust, lugha changa kuliko C, huisimamisha programu papo hapo na kuutaja mstari uliovuka mpaka, maadamu programu imejengwa kwa ajili ya majaribio. Ikijengwa kwa ajili ya kutumika, na ikiwa haikuamriwa vinginevyo, nayo huzunguka kimya kimya kama mzee wake. Kikomo kicho hicho kinazingoja mashine zote za zamani zinazohesabu saa kwa sekunde tangu mwanzo wa mwaka 1970 katika biti 32: zitaishiwa na nafasi tarehe 19 Januari 2038, na kwa saa za Bujumbura itakuwa saa kumi na moja na dakika 14 za alfajiri.

Kosa lenyewe, hata hivyo, halinishughulishi sana katika makala haya. Linalonishughulisha ni lile afanyalo kijana katika nusu saa inayofuata, kwa sababu humo ndimo anamojifunza lugha au anamojifunza kubahatisha.

Katika mtaa wa Buyenzi, ambao tangu enzi za Wabelgiji umekuwa makao ya Waswahili wa mji huu, na ambao mafundi wake wa magari hawajifichi nyuma ya kuta, mpita njia aweza kuwaona mafundi wa namna mbili wakifanya kazi. Mmoja huisikiliza injini kwanza, humuuliza mwenye gari ilianza lini kugoma na kama hugoma ikiwa baridi au ikiwa moto, kisha hufungua kitu kimoja, akajaribu, ndipo akagusa cha pili. Mwingine hubadili plagi, kabureta na pampu ya mafuta kwa pamoja. Gari likawaka, wote wakafurahi, na yeye asijue hata leo ni kipi kati ya vile vitatu kilichokuwa kibovu, ijapokuwa mwenye gari amevilipia vyote. Mwanafunzi anayebadili aina ya nambari hapa, akaongeza mabano pale, akahamisha mstari huu juu na ule chini mpaka jumla itoke inavyotakikana, ni shagirdi wa huyu wa pili.

Mwenye taamuli huchukua kalamu. Huandika jumla iliyopasa, huandika chini yake jumla iliyotokea, hutoa moja kwa nyingine, na tofauti atakayoipata ni 4,294,967,296, ambayo si nambari ya bahati nasibu, bali ni 2 iliyozidishwa kwa nafsi yake mara 32. Hapo kosa limejitaja kwa jina na nasaba. Lakini hata baada ya hapo asikimbilie kurekebisha, kwani dhana, hata ikiwa tamu namna gani, haijawa yakini: na aiulize kwanza swali ambalo laweza kuikanusha, kwa kuipa programu mauzo mawili tu ambayo jumla yake ni 2,147,483,647 barabara, kisha mengine ambayo jumla yake imezidi faranga moja. Ya kwanza ikipita na ya pili ikageuka hasi, sasa anajua; na zote mbili zikipita, sababu iko kwingine, naye ameokoa jioni nzima ya kutengeneza kitu kizima.

Marekebisho yenyewe ni mepesi kwa kusema, nayo ni kutumia nambari ya biti 64, ambayo kikomo chake ni 9,223,372,036,854,775,807 na yawatosha wavuvi wote wa maziwa makuu. Kwa kutenda, hata hivyo, yana mitego miwili ambayo wanaoanza huanguka ndani yake mmoja baada ya mwingine. Wa kwanza ni kwamba aweza kuibadili aina ya jumla na kusahau kubadili alama anayoipa printf ya kuiandika jumla hiyo kwenye skrini, na hivyo hesabu ikawa sahihi ndani ya mashine huku maandishi yakiendelea kusema uongo. Akaamini kwamba dhana yake ilikuwa batili, akaitupa, ilhali ilikuwa kweli tupu. Wa pili ni mwerevu zaidi: ikiwa kilo na bei zote mbili zimebaki katika biti 32, C itazizidisha katika biti 32 vilevile na kuvuka mpaka hapo, ndipo iyachukue matokeo yaliyokwisha kuharibika na kuyaweka kwa adabu kubwa katika sanduku pana la biti 64. Mtego wa kwanza kompaila hukuonya ukiiomba maonyo kwa kuandika -Wall; wa pili haikuonyi kwa ombi hilo, ila ukiijenga programu kwa -fsanitize=undefined utauona mstari wenye hatia siku utakapoiendesha kwa hesabu kubwa.

Nimeitaja kompaila, na yafaa msomaji asiyehusika na mambo haya aambiwe kwa ufupi kwamba ni programu inayoyapokea maandishi ya mwanadamu na kuyageuza yote, kabla ya kazi kuanza, kuwa amri ambazo chombo cha umeme huzitekeleza moja kwa moja. Grace Hopper wa Marekani alitengeneza moja ya zile za mwanzo mwaka 1952. John Backus na wenzake wa IBM wakatoa FORTRAN mwaka 1957. Na takriban mwaka 1972 Dennis Ritchie, katika maabara ya Bell, akaunda C, ambayo mwaka uliofuata ilitumiwa kuandika upya mfumo wa Unix. Zipo lugha nyepesi kuliko hizo na zenye huruma zaidi, lakini chini ya zote imelala kazi ya lugha kali. Kila simu ya Android inayouzwa katika soko la Ruvumera inakwenda juu ya Linux, ambayo Linus Torvalds aliianza mjini Helsinki mwaka 1991 kwa lugha ya C, na mita za umeme wa kulipia kabla, zile za Cash Power zilizotundikwa katika kuta za Bujumbura, ni vyombo vya jamii ambayo programu zake kwa desturi huandikwa kwa lugha iyo hiyo, kwa kuwa kumbukumbu yake ni finyu na haivumilii ubadhirifu.

Kujifunza lugha hizo Bujumbura kuna taabu zake. Tangu mwaka 1964, Chuo Kikuu kilipoanza kwa jina la Chuo Kikuu Rasmi cha Bujumbura, elimu ya juu katika mji huu imekuwa ikitolewa kwa Kifaransa. Mwanafunzi husema Kirundi nyumbani, na Kiswahili sokoni ikiwa si nyumbani pia. Na vitabu vya kompyuta vilivyo bora vimeandikwa kwa Kiingereza. Umeme hukatika. Nchi haina bahari, na nyaya za baharini zilizofika Mombasa na Dar es Salaam mwaka 2009 humfikia mtu wa Bujumbura baada ya kuvuka nchi za majirani, kwa bei ambayo mwanafunzi huihesabu kwa megabaiti. Anayeishi Nairobi au Muscat akikwama huandika maneno ya kosa katika intaneti na kupata majibu mia. Wa Bujumbura, jioni ambayo mtandao umezimika na betri ya laptopu ina saa moja na nusu, amebaki na kompaila yake peke yake.

Nami nathubutu kusema kwamba upweke huo una heri ndani yake, si kwa sababu dhiki ni jambo la kusifiwa, la hasha, bali kwa sababu lugha hizi, kinyume cha nyingine nyingi, zimekuja na mwalimu aliyefungiwa ndani. Anayetumia Linux ana kurasa za man katika mashine yake, zinazoeleza kazi za C, yaani vipande vya programu vinavyoitwa kwa jina, moja baada ya moja pamoja na yale ambayo kila kazi hurudisha ikishindwa. Aliyeiweka Rust kwa njia ya kawaida amekwisha kupakua, labda bila ya kujua, kitabu kizima cha mafunzo na maelezo ya maktaba yake rasmi, navyo hufunguka kwa amri ya rustup doc hata kama mnara wa simu umeanguka. Makosa mengi yanayotolewa na Rust yana nambari zake, na rustc --explain ikifuatwa na nambari ya kosa hutoa maelezo ya kosa na mfano wake uliosahihishwa. Mwenye mtandao wa haraka aghalabu hayafungui haya maisha yake yote.

Ila mwalimu huyo ana tabia zake, na asiyezijua humchukia bure. Ya kwanza ni kwamba husema mengi mno. Kibano kimoja kikisahauliwa katika mstari wa 12, kompaila ya C yaweza kulalamika mara thelathini, na malalamiko 29 yakawa ni mwangwi wa lile la kwanza. Na mara nyingi lile la kwanza lenyewe hutaja mstari wa 13, kwa kuwa mpaka mwisho wa mstari wa 12 hapakuwa na jambo la kushuku. Anayeanza kusoma kutoka chini, kwa kuwa skrini imesimama chini, hujitwika taabu ambayo haipo. Na alisome kosa la kwanza peke yake, alirekebishe, ajenge tena. Na akiona macho yake hayana subira hiyo, kompaila ya GCC ina amri ya -Wfatal-errors inayoinyamazisha baada ya kosa moja. Sijui kwa nini walimu hawaifundishi siku ya kwanza.

Tabia ya pili ni kwamba si mmoja anayesema. Mwanafunzi aliyeandika hesabu ya kipeuo cha pili kwa sqrt, akaijenga, akaambiwa kwamba jina la sqrt halijulikani lilipo, huirudia programu yake mstari kwa mstari akitafuta alipokosea tahajia, na hapaoni, kwa sababu hakukosea. Kompaila ilikwisha kuridhika na kuondoka. Anayenung'unika ni mwunganishaji, anayekuja baadaye kuviunga vipande na maktaba, naye hakuonyeshwa maktaba ya hisabati. Herufi tatu, -lm, zikiandikwa mwisho wa amri, zamaliza mgogoro. Zikiandikwa mwanzoni, kabla ya faili linalozihitaji, huenda zisimalize kitu. Kwa hiyo swali la kwanza mbele ya kosa lolote ni la kujua nani anasema: kompaila, mwunganishaji, au programu yenyewe iliyokwisha kuanza kukimbia. Anayelijibu swali hili kwa yakini amepapunguza mahali pa kutafuta kiasi cha kustaajabisha.

Hapa pana jambo dogo linalowahusu watu wa Burundi zaidi kuliko jirani zao wa mashariki. Kompyuta iliyowekwa kwa Kifaransa huifanya GCC itoe makosa yake kwa Kifaransa, na mwanafunzi aliyesomeshwa kwa lugha hiyo huona ni neema, na kwa kuelewa ni neema kweli. Lakini siku mtandao utakaporudi na akataka kutafuta watu wengine waliopatwa na kosa lile, maneno yale ya Kifaransa yatamfikisha kwa wachache sana; basi na aandike LC_ALL=C mbele ya amri yake, kosa litoke kwa Kiingereza, akatafute kwa hilo. Rust haina hata hiari hiyo, kwani husema Kiingereza tu.

Ukali wa Rust wahitaji maneno zaidi, kwa kuwa ndio unaowatoa machozi vijana wa sasa. Graydon Hoare aliianza mwaka 2006, na inasimuliwa kwamba kilichomkera ni lifti ya jumba alimokaa mjini Vancouver, iliyosimama kwa sababu programu yake ilianguka, naye akapanda ngazi hadi ghorofa ya 21. Kampuni ya Mozilla ikaja kuifadhili kazi hiyo, na toleo la kwanza kamili likatoka tarehe 15 Mei 2015. Iliyokusudiwa kukomeshwa ni jamii moja ya makosa: programu kusoma au kuandika mahali pa kumbukumbu pasipo pake. Jamii hiyo ni mojawapo ya milango iliyompa nafasi mdudu wa Morris kuenea katika mtandao mwezi Novemba 1988. Kosa la jamii hiyo ndilo lililoitwa Heartbleed mwaka 2014, seva nyingi za dunia zilipogundulika kwamba zaweza kushawishiwa kumwaga siri zake kwa kuwa hakuna aliyepima urefu wa ombi. Na mwaka 2019 watu wa Microsoft walisema kwamba takriban asilimia 70 ya nyufa za usalama wanazoziziba kila mwaka ni za asili hiyo.

Dawa ya Rust ni sharia ya milki. Kila kitu kina mwenyewe mmoja; akikikabidhi kwa kazi nyingine, milki imehama na yeye hana haki tena ya kukigusa; akikiazima, aliyeazimwa hukirudisha; waweza kuazimwa wengi kwa kutazama tu, au mmoja peke yake kwa kubadili, lakini si makundi yote mawili kwa wakati mmoja. Mwanafunzi anaandika orodha ya majina ya wavuvi, anaikabidhi kwa kazi ya kuichapa, na mstari unaofuata anataka kuhesabu majina yaliyomo. Kompaila inakataa kwa kosa la E0382, inamwonyesha mstari ambao alijivua milki, inamwonyesha mstari anaodai kisicho chake, na mara nyingi inamnong'oneza njia ya kutokea. Katika C programu iliyoandikwa kwa roho hiyo ingejengeka bila neno, na ikiwa ile kazi ya kwanza ilikwisha kuifungua kumbukumbu, huenda hesabu ingetoka sahihi mara tisa na ya kumi ikaleta takataka, tena mbele ya mwalimu.

Wengi, wakifika hapo, huanza kunyunyiza alama ya &, ambayo ni ya kuazima, na neno clone, ambalo ni la kunakili, katika kila mstari mpaka kompaila inyamaze. Sina ghadhabu na clone. Kwa mwezi wa kwanza ni halali kabisa kunakili orodha ya majina hamsini kuliko kulala na njaa kwa ajili ya kuepuka nakala, na wale wanaowatisha wanafunzi kwamba nakala ni ubadhirifu wangefaa kwanza waipime hiyo gharama. Kisichofaa ni kunyunyiza bila ya kuuliza. Kila kosa la milki lina swali moja chini yake, nalo ni nani anapaswa kuwa mwenye kitu hiki na kwa muda gani, na swali hilo hujibika kwa kalamu, kwa kuchora visanduku na mishale, haraka kuliko linavyojibika kwa kibodi. Akiona kwamba kazi ya kuchapa haina haja ya kumiliki orodha bali kuitazama tu, basi alama ya & itakaa mahali pake kwa dalili, naye atajua kwa nini.

Namna hii ya kurudi na kurudi kwa kompaila yaweza kumaliza betri, na kwa mwenye mashine dhaifu dakika ni mali. Amri ya Rust iitwayo cargo check hukagua programu bila ya kutengeneza amri za mashine, na hivyo humaliza kazi upesi kuliko kujenga kikamilifu. Na cargo vendor, ikiendeshwa siku ambayo mtandao upo, huzishusha maktaba zote za nje ambazo programu inazihitaji ziwekwe ndani ya folda ya kazi yenyewe, na majuma yanayofuata yakawa salama.

Upo wakati ambapo mwalimu huyu hana la kusema, programu imejengeka, na bado inaanguka. Katika C huanguka kwa maneno mafupi yasiyotaja mstari wala sababu, na mwanafunzi huhisi ametupwa gizani. Hapo ajenge tena kwa -g na -fsanitize=address, na programu ileile itakapoanguka itataja mstari, na itasema kama alisoma mbele ya mwisho wa safu au alirudi katika kumbukumbu aliyokwisha kuifungua. Vikikosekana hivyo, kuna njia ya kale isiyohitaji chombo: kugawa katikati. Programu ya mistari 1,000 ikikatwa nusu, na nusu yenye kosa ikakatwa nusu tena, kwa hatua kumi imebaki mistari michache ambayo jicho haliwezi kuikosa. Wengi huona ni kupoteza muda kuharibu programu iliyo nzima ili kutafuta kosa, wakakaa saa nne wakiitazama ilivyo. Na kile kipande kidogo kilichobaki, kinachoonyesha kosa bila ya kitu kingine, ndicho cha kumpelekea mwenye ujuzi zaidi, pamoja na toleo la kompaila, lililotarajiwa na lililotokea. Hakuna mtu mwenye kazi zake atakayesoma mistari 1,000 ya mwingine, lakini kumi na miwili husomwa hata foleni ya mafuta ikiwa ndefu. Ni jambo linalotokea mara nyingi mno kuwa la bahati kwamba mwenye kosa, akikitayarisha kipande hicho, hulikuta jawabu kabla hajakituma.

Siku hizi wapo wanaomwuliza roboti wa mazungumzo badala ya haya yote, naye hujibu kwa fasaha, na mara kwa mara hubuni kazi ambayo haimo katika maktaba yoyote. Kompaila humfedhehesha papo hapo kwa lile alilobuni. Haimfedheheshi kwa lile alilokosea kwa lugha sahihi, na hapa ndipo wengi wanapodanganyika, wakidhani kimya cha kompaila ni hati ya ukweli. Tarehe 4 Juni 1996 roketi ya Ariane 5 iliruka kutoka Kourou na kuvunjika vipande baada ya sekunde zipatazo 37, kwa sababu nambari ya biti 64 ililazimishwa kuingia katika nafasi ya biti 16. Programu ile iliandikwa kwa Ada, lugha kali kama zilivyo kali, na ilikwisha kufanya kazi bila lawama katika Ariane 4. Kilichobadilika ni mwendo wa roketi mpya, jambo ambalo kompaila haikuambiwa na haikuwa na njia ya kulijua.

Nikiulizwa kama kijana wa Bujumbura anayetafuta riziki hana budi kupita njia hii, nitasema hapana. Kazi nyingi za mjini ni za tovuti na za simu, nazo zina lugha zake nyepesi. Aliye na hamu ya vyombo vidogo, mita, vipimo vya maji na hewa, au mifumo yenyewe inayobeba hizo tovuti, huyo ndiye ninayemshauri, na nikiulizwa aanze na C au na Rust, sitafuata mtindo wa siku. Laptopu ya mitumba yenye kumbukumbu ndogo na diski iliyokaribia kujaa huichukua GCC bila manung'uniko, ilhali folda ya kazi ya Rust hufika mamia ya megabaiti kwa programu ya kawaida. Fauka ya hayo, anayeijua C kwa muhula mmoja, akaanguka ndani yake mara za kutosha, huielewa sharia ya milki kama jibu la swali alilokwisha kuliuliza mwenyewe. Asiyepata kuanguka huiona ni ukorofi wa watu wa mbali. Kisha na ahamie Rust, kwa kuwa Linux yenyewe iliipokea katika toleo la 6.1 la mwezi Desemba 2022. Lakini asianze humo kwa kuandika orodha ambayo kila kiungo chake kinajua kilicho mbele na kilicho nyuma yake, zoezi ambalo katika C ni la juma la tatu, na ambalo katika Rust huwasumbua hata waliokaa nayo miaka, kwani kila kiungo kingekuwa na wenyewe wawili.